Nani ana nguvu ya kuua kesi? Kiongozi wa mashtaka kati ya damu yake, kabila lake na rangi ya mshtakiwa

Stori za korti tumezizoea. Kiongozi wa mashtaka anasimama, anamnyooshea kidole mshtakiwa, huko nyumbani mzee wake ameshamwambia unatuaibisha, nje ya korti watu wanapiga kelele juu mshtakiwa ni mzungu na aliyekufa ni mweusi, na sisi tunangoja tuone kama atasimama imara mbele ya jaji. Stori tamu. Lakini ukifuatilia kesi za huku kwetu Nakuru na kule Kisumu utaona presha haipigi hapo. Inapiga mapema, ofisini, wakati faili iko mezani na hakuna mwananchi anaiona, na mtu mmoja anaamua kama hii kesi itaenda mbele au itafutwa. Kesi nyingi zinazouma watu hazikushindwa kortini, zilifia kwa hiyo meza.

Kesi inayoonyesha hii kitu vizuri zaidi imetokea hapa hapa, Soysambu. Ukitoka Naivasha ukipita Gilgil, Ziwa Elementaita unaliona upande wa kushoto, na ile ardhi inayolizunguka ndo ranchi ya familia ya Delamere, ekari kama 48,000 hivi. Jina Delamere kila msafiri wa hii barabara analijua juu matatu na shato zinasimama pale Naivasha watu wanunue maziwa na yogati. Mzee wa kwanza kuleta hilo jina huku, Lord Delamere wa tatu, alikuwa kiongozi wa masetla, na ardhi ya Bonde la Ufa waliyokuja kukaa masetla ilikuwa malisho ya Wamaasai mpaka ule mkataba wa 1904 ulipowahamisha, wengine Laikipia wengine kusini, alafu 1911 hata wale wa Laikipia wakahamishwa tena. Nayaweka haya mapema juu bila hayo huwezi kuelewa kwa nini kesi ya risasi moja ilikuwa nzito vile.

Tarehe 19 Aprili 2005 maafisa wa KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, waliingia Soysambu wakiwa na nguo za kiraia, wakifuata habari za biashara haramu ya nyama ya porini. Tom Cholmondeley, kitukuu wa huyo Lord wa tatu, akampiga risasi mmoja wao, Samson ole Sisina, Mmaasai, akafa. Cholmondeley akasema alidhani ni majambazi wamevamia na alikuwa anajitetea. Akashtakiwa na mauaji hapa Nakuru. Haikumaliza hata mwezi. Tarehe 18 Mei kesi ikafutwa kwa amri ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, wakati huo Amos Wako, ile karatasi inayoitwa nolle prosequi, yaani serikali haitaki kuendelea na kesi, na jamaa akatoka akaenda nyumbani. Hakuna shahidi aliyehojiwa wazi mbele ya jaji, hakuna mtu alimuuliza maswali magumu kuhusu hao majambazi aliodhani amewaona.

Watu walikasirika sana. Wamaasai wakaandamana, wengine wakatishia kuingia kwa mashamba ya wazungu, na wazungu wa Bonde la Ufa nao wakawa na hofu yao, wanasema wenzao wamevamiwa na kuuawa kwa mashamba na hakuna anayewajali. Mkurugenzi wa mashtaka wakati huo, Philip Murgor, haukupita muda akafutwa kazi. Nafasi yake ikachukuliwa na Keriako Tobiko, na Tobiko ni Mmaasai.

Sasa fikiria hiyo kiti. Hapo ndo kuna ile mambo waandishi wa riwaya wanatafuta.

Lakini kabla tufike kwa Tobiko, lazima ueleweke ule utaratibu wa zamani, juu watu wengi mpaka leo wanadhani Cholmondeley "alishinda" kesi ya Sisina. Hakushinda. Katiba ya zamani kwa kifungu cha 26 ilimpa Mwanasheria Mkuu nguvu ya kuanzisha kesi, kuichukua, na kuisimamisha wakati wowote kabla hukumu, na sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai, kifungu cha 82, ikasema akishaiambia korti hataki kuendelea basi mshtakiwa anaachiliwa hapo hapo. Hicho kifungu hakikumpa jaji nafasi ya kuuliza kwa nini, na familia ya marehemu ndo kabisa. Na huyo Mwanasheria Mkuu mwenyewe alikuwa pia mshauri wa serikali na anakaa kwa baraza la mawaziri, kwa hivyo hata kama aliamua kwa haki kabisa nani angeamini? Alafu kuna sehemu moja ya hicho kifungu cha 82 ambayo haikutangazwa vya kutosha: kuachiliwa kwa njia hiyo hakumaanishi huna hatia, na unaweza kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Mlango ulikuwa wazi. Mtu yeyote aliyekalia kile kiti baadaye angeweza kuirudisha kesi ya Sisina, na haikurudishwa, na Cholmondeley alikufa Nairobi Agosti 2016 baada ya operesheni. Hapo mlango ukafungwa. Mimi hiyo ndo inaniuma kushinda ile miezi minane ya jela ambayo watu wanaipigia kelele.

Hiyo miezi minane ilitoka kwa kesi ya pili. Tarehe 10 Mei 2006, mwaka mmoja tu na wiki kadhaa baada ya Sisina, Robert Njoya, fundi wa mawe, alikuwa Soysambu na wenzake na mbwa wao, na wamebeba mnyama. Cholmondeley akawapata, akafyatua bunduki, Njoya akapigwa akafa. Safari hii hakuna mtu angethubutu kuandika barua ya kufuta. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu Nairobi mbele ya Jaji Muga Apondi, Fred Ojiambo akiwa wakili wa utetezi, na upande wa mashtaka ukaongozwa na Tobiko mwenyewe.

Weka mtu wa kawaida kwa nafasi yake. Watu wa jamii yako bado wanamlilia ole Sisina na wanakuangalia wewe. Mtangulizi wako amefutwa kazi muda mfupi baada ya kesi ya huyu huyu mshtakiwa kuondolewa. Magazeti ya Uingereza yamejaa kortini kila siku wanangoja waseme Kenya inamwonea mzungu. Na wewe kazi yako kisheria ni ndogo sana, kavu sana: uthibitishe nani alifyatua, na alikuwa na nia gani. Basi. Mambo ya 1904 hayaingii. Mambo ya Sisina hayaingii kama ushahidi wa Njoya. Rangi ya ngozi haiko kwa orodha ya vitu vinavyothibitishwa. Mtu akikuambia kiongozi wa mashtaka mzuri ni yule anayebeba hasira ya watu mpaka kwa meza ya jaji, mimi nakataa, juu hasira ikiingia kwa faili ndo wakili wa utetezi anapata pa kushika, anaanza kusema mteja wangu hashtakiwi kwa alichofanya, anashtakiwa kwa ukoo wake.

Utetezi ulisema alikuwa anapiga mbwa, si watu, na pia ukaleta hoja kwamba risasi ingeweza kuwa imetoka kwa mwenzake aliyekuwa naye, Carl Tundo yule dereva wa rali. Jaji akaikataa hiyo ya Tundo. Lakini kwa upande wa nia, akasema hakuona dhamira mbaya iliyopangwa, na hapo mauaji yakashuka yakawa kuua bila kukusudia. Hii tofauti inachanganya watu kila siku kwa redio, kwa hivyo nieleze polepole. Kanuni ya adhabu, kifungu cha 203, inasema mauaji ni kumuua mtu kwa tendo lisilo halali ukiwa na dhamira mbaya, na 206 inaeleza hiyo dhamira ni gani: ulitaka kuua, au ulitaka kumuumiza vibaya, au ulijua kabisa hiki ninachofanya kinaweza kuua na hukujali. Ukiondoa hiyo dhamira, kinachobaki ni kifungu cha 202. Mtu amekufa, wewe ndo umesababisha, kwa tendo lisilo halali, lakini ile nia haikuthibitishwa. Kwa mauaji wakati huo hukumu ilikuwa moja tu, kifo, jaji hana kuchagua, mpaka Mahakama ya Juu ilipobadilisha kwa kesi ya Muruatetu Desemba 2017. Kwa kuua bila kukusudia jaji anaweza kupeana kifungo cha maisha au chochote chini ya hapo, hata siku moja. Kwa hivyo yule aliyeshuka kutoka 203 mpaka 202 amevuka mto mkubwa sana.

Tarehe 7 Mei 2009 alipatikana na hatia ya hiyo ndogo. Wiki moja baadaye, miezi minane. Jaji alihesabu miaka kama mitatu aliyokuwa amekaa Kamiti akingoja, juu enzi hizo mshtakiwa wa mauaji hakuwa anapewa dhamana, na akaangalia kwamba alijaribu kumsaidia Njoya afike hospitali. Nje watu walilia na kupiga kelele. Oktoba hiyo hiyo akatoka. Ukiniuliza mimi, ile hukumu ilikuwa ndogo, na naelewa familia iliyobaki na watoto bila baba ikisikia "miezi minane" inasikia nini. Lakini angalau kesi ya Njoya ilisikizwa. Mashahidi walisimama, bunduki ilizungumziwa, jaji aliandika sababu zake kwa kurasa ambazo mtu anaweza kusoma na kupinga. Sisina hakupata hata hiyo.

Katiba ya 2010 ilikuja kubadilisha hapo hapo. Kifungu cha 157 kilitoa nguvu ya mashtaka kwa Mwanasheria Mkuu kikaipa ofisi yake yenyewe, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP, anayeteuliwa na rais na kupitishwa na bunge, anakaa miaka minane na hawezi kurudi. Kifungu kidogo cha 10 kinasema hahitaji idhini ya mtu yeyote kuanzisha kesi na hachukui amri kutoka kwa mtu au ofisi yoyote. Cha 11 kinamwambia aangalie maslahi ya umma, haki itendeke, na sheria isitumiwe vibaya. Lakini kile cha 8 ndo mimi naona ni jibu la moja kwa moja kwa yale ya 2005: DPP hawezi kufuta kesi bila ruhusa ya korti. Alafu cha 7 kinasema akiifuta baada ya upande wa mashtaka kumaliza kuleta ushahidi wake, mshtakiwa anaachiliwa kabisa kabisa, hakuna kumrudisha, kwa hivyo huwezi kuonja kesi, ukiona inaenda vibaya unaiondoa ukaitengeneze tena.

Kwa hivyo leo kama kungetokea kama ya Soysambu, yule wakili wa serikali angelazimika kusimama mbele ya jaji wa Nakuru aseme wazi naomba kuifuta na sababu ni hizi, na jaji angemuuliza, na wakili wa familia angeweza kupinga.

Je, inatosha? Hapana, na tusidanganyane. Kwanza ruhusa inaombwa kortini na mara nyingi inapewa, kama ilivyokuwa Novemba 2022 kwa ile kesi ya ufisadi ya shilingi bilioni 7.4 ya Rigathi Gachagua, naibu wa rais wakati huo, DPP alisema ushahidi hautoshi, korti ikakubali. Pili, na hii ndo kubwa, kile kifungu kidogo cha 8 kinalinda kesi iliyokwisha kufika kortini tu. Faili ambayo haijawahi kufika huko haina jaji wa kuiulizia. Mpelelezi akimaliza anaipeleka kwa ofisi ya DPP ya kaunti, pale wakili wa mashtaka anaisoma, na mwongozo wao wa 2019 unamwambia ajiulize mambo mawili, ushahidi upo wa kutosha mtu kupatikana na hatia? Na maslahi ya umma yanataka huyu mtu ashtakiwe? Akisema hapana kwa moja, faili inarudi au inafungwa. Hiyo inafanyika kwa ofisi ya ndani, kwa kalamu, na mwenye kalamu ana shangazi, ana kabila, ana kijiji.

Tuongee hapo kwa shangazi sasa, juu watu wanacheka wakisikia lakini ndo maisha. Chukulia wakili wa mashtaka mzaliwa wa Kakamega amewekwa Nakuru. Jumapili jioni simu inalia, ni mjomba, anaanza na habari za mahindi, habari za mama, alafu anafika: huyo kijana wa kina fulani aliyeshikwa huko kwenu ni mtoto wetu, angalia vile unaweza kusaidia. Mjomba hajioni kama mtu wa kuhonga. Kwa akili yake anauliza kitu cha kawaida, amesomesha mtoto kwa harambee ya kijiji sasa kijiji kinauliza matunda. Ukimkatalia, mazishi yajayo utakaa peke yako kwa hema. Katiba kifungu cha 75 inataka afisa wa serikali aepuke mgongano kati ya maslahi yake na kazi yake, na sheria ya uongozi na maadili ya 2012 inasema hivyo hivyo. Kwa vitendo maana yake ni kwamba huyu wakili anafaa kumwandikia bosi wake siku hiyo hiyo aseme huyu mshtakiwa ni wa damu yangu, faili ichukuliwe na mwingine. Na kujitoa tu haitoshi, asiulize hata kwa korido faili imefika wapi. Wale wanaojitoa kimya kimya bila kuandika ndo baadaye wanajikuta pabaya, wakishinda ni "alimsaidia ndugu yake", wakishindwa ni "alimuuza ndugu yake".

Kabila ni ngumu kuliko damu, juu huwezi kujitoa kwa sababu ya kabila. Ukisema kila Mluo asishike faili ya Mluo, kila Mkalenjin asishike ya Mkikuyu, hapa Nakuru hakuna faili ingeshikwa. Tobiko hakujitoa kwa sababu Sisina alikuwa Mmaasai na mimi naona alifanya sawa, kabila moja si undugu. Kinachotakiwa ni sababu ziandikwe, ili mtu wa kabila lingine akisoma aone uamuzi unasimama hata ukifunika majina.

Kisumu hii ya watu kuamini wakili wa serikali iko wazi zaidi. Agosti 2017, usiku baada ya matokeo ya urais kutangazwa, polisi waliingia Nyalenda, na mtoto wa miezi sita, Samantha Pendo, akapigwa kwa rungu ndani ya nyumba yao, akafa siku chache baadaye hospitalini. Kwa mtu wa Nyalenda serikali iliyotuma polisi na serikali inayopeleka watu kortini ni ile ile, sasa unamwambiaje aamini wakili wa serikali? Kilichofanyika ni uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu hapo Kisumu, yaani kikao cha wazi ambapo hakuna mshtakiwa bado, mashahidi wanakuja, hakimu anatafuta nani anafaa kuwajibika. Februari 2019 hakimu Beryl Omollo akasema polisi wanawajibika, wakiwemo makamanda. Baadaye, 2022, ofisi ya DPP ikaidhinisha mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu kwa maafisa kadhaa. Tangu hapo hata kusomewa mashtaka kukaahirishwa tena na tena, na huo ucheleweshaji ni dhuluma, sitaiita jina lingine. Lakini angalia njia yenyewe: kile kikao cha wazi kilitoa swali la nani alaumiwe kutoka kwa faili ya polisi kikalileta mbele ya watu. Baada ya hapo mtu hakuweza tena kufunga faili bila sauti.

Kuna presha nyingine ya familia ambayo hutoka upande wa mlalamishi, na huku magharibi tunaijua sana. Wazee wanakaa, ng'ombe wanapeanwa, alafu familia inakuja kortini kusema tumesameheana. Kwa makosa madogo kama kupigana, kifungu cha 176 cha ile sheria ya mwenendo kinaruhusu korti kuwapatanisha. Kwa mauaji ilishawahi kutokea 2013, kesi ya Mohamed Abdow Mohamed, familia zikalipana kwa mila na dini na Mahakama Kuu Nairobi ikakubali kesi ifutwe, uamuzi ambao umebishaniwa mpaka leo. Lakini kwa unajisi na ubakaji, kifungu cha 40 cha sheria ya makosa ya ngono ya 2006 kimesema uamuzi wa kuacha kesi si wa baba ya mtoto, si wa chifu, si wa polisi, ni wa ofisi ya mashtaka tu. Yule mtoto hakuulizwa kama anataka ng'ombe. Wakili wa mashtaka anayekubali hizo "tumeelewana" kwa kesi ya mtoto ameacha kazi aliyoapa kufanya.

Na mke au mume wa mshtakiwa je? Watu huuliza. Sheria ya ushahidi, kifungu cha 127, inamruhusu kutoa ushahidi upande wa utetezi lakini upande wa mashtaka kwa kawaida hauwezi kumwita, isipokuwa makosa ya ngono, ndoa mbili kinyume cha sheria, au kosa lililomdhuru yeye mwenyewe au watoto. Shemeji, ndugu, binamu hawako kwa hiyo kinga, wakiitwa wanakuja.

Kama wewe ni familia ya aliyekufa au aliyeumizwa, usikae nyumbani ukingoja habari kwa redio. Shika namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, na jina la mpelelezi. Nenda ofisi ya DPP ya kaunti na barua, uliza faili imefika lini na uamuzi ni gani, wakikataa kushtaki uliza sababu kwa maandishi. Sheria ya kulinda waathiriwa ya 2014 inakupa haki ya kusikizwa, na unaweza kuweka wakili wa kuangalia maslahi yenu kortini, yeye hashiki kesi lakini anakaa hapo, na siku ile wakili wa serikali atasimama kusema naomba kuondoa kesi, ndo mtu wenu pekee anayeweza kusimama dakika hiyo hiyo aseme tunapinga. Ushahidi ukiwa unawaogopesha mashahidi, kuna sheria ya kulinda mashahidi ya 2006, ombeni mapema, kabla wale wengine hawajafika kwa mlango wao.